Kiangazi Mwanza: Siku Nne Kando ya Ziwa

Siku ya kwanza, Alhamisi

Basi lilitushusha Nyegezi saa kumi na moja na nusu jioni, baada ya karibu kilomita 700 za lami kutoka Dodoma kupitia Singida, Nzega na Shinyanga. Nilisafiri na binti yangu wa miaka kumi, ambaye alikuwa hajawahi kuliona Ziwa Victoria, na tangu tulipopita Misungwi alikuwa ameng'ang'ania dirisha akiitazama miamba inayoanza mmojammoja mashambani na kuendelea kuongezeka hadi inapokuwa milima mizima ya mawe yaliyopandana. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai, shule zikiwa bado zimefungwa, na nyuma yetu tulikuwa tumeacha vumbi na baridi kavu ya Dodoma. Sikuwa na shughuli yoyote Mwanza. Dada yangu mkubwa anaishi Bwiru, nami nilikuwa nimemwahidi kwa miaka mitatu kwamba nitakuja kupumzika kwake, si kupita tu nikielekea kwingine.

Shemeji alitupokea stendi na kutupeleka nyumbani kabla giza halijaingia. Hapo ndipo mtoto alipogundua jambo lililomshangaza: ilikuwa saa moja kasoro dakika chache, na jua lilikuwa bado linaning'inia juu ya maji upande wa Sengerema. Nchi nzima tunafuata majira ya saa yaleyale, lakini Mwanza iko magharibi sana, hivyo Julai jua hutua huku zaidi ya nusu saa baada ya kutua Dar es Salaam. Kwa mtu aliye likizo, nusu saa hiyo ya jioni ni zawadi.

Nyumba ya dada imejengwa kati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba yenyewe, na baraza yake inaangalia ziwani. Mwezi ulikuwa umeandama tu. Ukucha wake mwembamba ulizama muda mfupi baada ya jua. Tulipokuwa tunamaliza kula, mtoto aliuliza mji ulio ng'ambo ile unaitwaje, akionyesha taa nyingi zilizojipanga gizani. Dada akamjibu, "Huo si mji, mama. Hao ni wavuvi wa dagaa." Mtoto alianza kuzihesabu, akafika arobaini na kitu, akakosea, akaanza upya, mpaka usingizi ulipomchukua kitini.

Siku ya pili, Ijumaa

Dada alituamsha mapema twende Kirumba Mwaloni. Mwalo, kwa lugha ya huku, ni mahali mitumbwi inapopiga nanga na kushusha samaki, na mwalo huu wa Kirumba ni mmoja wa masoko makubwa ya dagaa na samaki wakavu katika ukanda wote wa ziwa. Tulifika ziwa likiwa bado limelala. Maji yalikuwa laini kama mafuta kwenye sahani, na kaupepo kepesi kalikuwa kanatoka nchi kavu kuelekea majini. Shemeji alimweleza mtoto kwamba usiku nchi hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huteremka kutoka vilimani kwenda ziwani. Jua likishapanda na mawe yakapata moto, mambo hugeuka, na upepo huanza kutoka ziwani kuja mjini. Kugeuka huko hutokea kabla ya adhuhuri. "Ukitaka kujua saa hapa," alisema, "tazama bendera za mitumbwi."

Nilikuwa nimekula dagaa maisha yangu yote pasipo kujua kazi iliyomo ndani ya fungu moja. Muuzaji mmoja wa makamo, ambaye dada alimsalimu kwa Kisukuma kwa heshima, "Mwangaluka, Mayu," yaani habari za asubuhi, mama, alikubali kumfundisha binti yangu. Kumbe magunia yale mengi hutoka visiwani, Ukerewe, Goziba na kwingineko, ambako dagaa huvuliwa usiku wa giza na kuanikwa asubuhi inayofuata. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa huukusanyikia mwanga, kisha wavu wenye macho madogo sana hupandishwa kutoka chini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mlio na joto. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa haushindani nao, dagaa wanasambaa, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Kwa hiyo kalenda ya watu hawa ni mwezi: takriban wiki moja ya kila mwezi ni mapumziko yaliyopangwa angani.

Mayu alichota dagaa kutoka magunia mawili na kumwekea mtoto viganjani, mkono huu na huu. Wa kwanza walikuwa wa mchanga, yaani walioanikwa chini ufukweni; rangi yao ilikuwa imefifia, na alipowatikisa, punje za mchanga zilibaki kiganjani. Wa pili walikuwa wa chanja, walioanikwa juu ya wavu ulioinuliwa kwa miti, na waling'aa kama fedha, vichwa vyao vikiwa vizima. Bei zao hazifanani, na kwa maoni yangu hazistahili kufanana. Jua kali la kiangazi huwakausha kwa siku moja tu. Masika ndiyo msimu wa machozi, kwa sababu mvua ikiwakuta chanjani huharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku. Tulinunua sado moja ya wale wa chanja. Karibu yetu vijana walikuwa wakishindilia dagaa katika magunia marefu yanayosafirishwa hadi Kongo, huku wakiimba kwa kupokezana ili miguu yao ipige kwa pamoja.

Kabla ya saa tano bendera ziligeuka. Mtoto ndiye aliyeona kwanza, akapiga kelele. Vijiwimbi vilianza kukunja uso wa maji, na ndani ya nusu saa mitumbwi iliyofungwa ilikuwa inagongana mbavu.

Mchana tulilala. Sina la kuongeza juu ya mchana huo, isipokuwa kwamba sikumbuki lini mara ya mwisho nililala saa nane mchana bila kuumwa.

Siku ya tatu, Jumamosi

Hii ndiyo siku niliyoijia, na niliipanga kwa kutoipanga: asubuhi kisiwani wakati maji yametulia, kisha ufukweni hadi jua lizame.

Boti ya kwenda Saanane huondokea Capri Point na haichukui hata dakika kumi. Kisiwa kilipewa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima humo kabla ya serikali kukichukua na kuanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Eneo lake lote, ukijumlisha na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Anayetafuta tembo na simba porini aende Serengeti. Saanane ni mahali pa kutembea polepole, kusimama, na kutazama vitu vidogo. Swala pala walikuwa wanachunga chini ya miti na walituacha tupite bila kukimbia. Pimbi walikuwa wamejilaza mawe ya mashariki wakiota jua la saa tatu, wanene na watulivu, na mhifadhi aliyetuongoza alipomwambia mtoto kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyu ni tembo, mtoto alinitazama mimi kwanza ili ajue kama ni kweli. Ni kweli, mwanangu.

Tulichokaa nacho zaidi ni mijusi. Dume wa mijusi wa miamba hii ana kichwa na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na mwili wa buluu, kana kwamba amevishwa nguo mbili zisizotoka duka moja. Jina lake la kisayansi ni *Agama mwanzae*, limebeba jina la mji huu. Jike ana rangi ya jiwe. Tulimtazama dume mmoja akipiga misukumo kwa miguu ya mbele juu ya jiwe lake, akisimama, akipiga tena, kwa muda ambao nyumbani ningeuona ni wa kupotea.

Juu kabisa ya kisiwa tulikaa kwenye mwamba wenye joto na kuutazama mji. Graniti hii ni ya zamani kupita kiasi cha akili kushika: ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda chini ardhini, ikapasuka nyufa za mraba mraba, maji yakapenya katika nyufa na kuozesha kingo kwa muda mrefu sana, mpaka udongo uliposombwa na mvua na kuacha mioyo migumu ya mawe imekaa moja juu ya jingine. Kwa hiyo hakuna aliyeyapanga mawe haya. Ni kilichobaki baada ya kingine kuondoka. Ziwa lenyewe ni kijana mbele ya miamba. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80, na takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Nilipomweleza hayo, binti yangu aliyatazama maji kwa mashaka, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenyeji wake aliwahi kuhama bila kuaga.

"Na Victoria ni nani, Baba?"

Nikamwambia kwamba ni malkia wa Uingereza ambaye hakuwahi kufika hapa. Mwingereza John Hanning Speke aliyaona maji haya akiwa upande huu wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akayapa jina la malkia wake, ingawa waliokuwa wakivua humo tangu vizazi na vizazi walikuwa wanayaita Nyanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye ataita Nyanza. Sikumpinga.

Tulirudi nchi kavu kabla upepo haujageuka. Chakula cha mchana tulikula katika kibanda cha mama lishe karibu na maji: sato wa kuchoma aliyechanjwa mbavuni na kupakwa chumvi na ndimu, ugali, na kachumbari yenye pilipili. Huliwa kwa mikono, kuanzia nyama ya shingoni. Mama aliyetupikia alitucheka tulipoacha kichwa, akakaa nasi na kumfundisha mtoto namna ya kufungua mashavu ya samaki. Wengi hatukumbuki kwamba sato huyu, ambaye leo ndiye utambulisho wa Mwanza, ni mgeni. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na sangara aliletwa katika kipindi hichohicho cha miaka ya 1950 na 1960. Sangara akawala furu, samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina zisizopatikana penginepo duniani, na aina nyingi zikatoweka. Dada yangu anakumbuka kwamba watu wazima walipokuwa wanasimulia utoto wao, furu waliokaushwa na kutungwa vijitini ndio waliokuwa mboga. Biashara ya sangara imejenga nyumba nyingi Mwanza, na sitaki kuidharau. Lakini furu wananiuma.

Alasiri tuliikalia ukingoni, mbele ya Jiwe la Bismarck. Ni jiwe lililosimama juu ya mawe mengine ndani ya maji, hatua chache kutoka ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani ndio waliolipa jina la kansela wao Otto von Bismarck, na picha ya jiwe hilo imo kila mahali, kwenye kalenda, kwenye mabasi, kwenye kanga. Ukilikuta kwa mara ya kwanza utaona ni dogo kuliko ulivyodhani. Linahitaji saa mbili. Kwanza tuliona jiwe tu. Kisha tukaona kwamba mnandi watano wamekaa juu yake na mmoja ametanua mabawa akiyakausha. Kisha mdiria mweupe na mweusi akasimama hewani juu ya maji pasipo kusogea, akajitupa chini kama jiwe lililoachiwa, akatoka na kitu kinachometameta. Mtoto alianza kuhesabu: mara tisa alijitupa, mara nne akapata. Wakati huo upepo wa ziwani ulikuwa unatujia usoni, wa baridi na wenye harufu ya magugu maji, na mawingu madogo meupe yalikuwa yamejipanga juu ya nchi kavu lakini anga ya juu ya maji ilikuwa tupu. Familia zilikuja, zikapiga picha, zikaondoka. Muuza karanga alipita mara tatu. Mara ya tatu alikaa nasi, akavua viatu, na hakutuuzia kitu.

Joto lilipozidi mtoto aliomba aingize miguu majini. Nilimkatalia, naye alinuna, na nadhani ni haki msomaji aijue sababu. Katika maji yaliyotulia yenye nyasi ukingoni huishi konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo huingia mwilini kupitia ngozi, hata bila jeraha, kwa dakika chache tu za kukanyaga maji. Ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge, lakini ukiachwa huharibu ini na utumbo polepole. Wenyeji wanaujua, hospitali za hapa zinaujua kuliko za kwetu. Uzuri wa ziwa hili haupungui kwa kuutazama ukiwa juu ya jiwe kavu. Nilimnunulia ubuyu na akanisamehe taratibu.

Kuanzia saa kumi na mbili mwanga uligeuka kuwa wa dhahabu, na upepo ulianza kuchoka. Jiwe likawa jeusi, mnandi wakawa weusi, na maji yote yaliyobaki kati yetu na Sengerema yakawaka. Watu waliokuwa wanaongea kwa sauti walianza kuongea kwa sauti ya chini, bila kuambiwa na mtu. Jua lilipogusa milima ya ng'ambo nilijikuta nimeshika mkono wa binti yangu, na yeye alikuwa hajauliza swali lolote kwa karibu nusu saa, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutokea.

Siku ya nne, Jumapili

Baada ya misa dada alipendekeza tuvuke na kivuko cha Kamanga kwenda ng'ambo na kurudi, kwa raha tu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, magari mengi ya kwenda Sengerema na Geita hupita huko na kuvuka kwa dakika chache, palipokuwa na foleni za saa nyingi. Nafurahi kwa ajili ya wagonjwa na wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri pale. Hata hivyo kivuko ndicho kinachomfaa asiye na haraka: baiskeli, mikungu ya ndizi, kuku kwenye matenga, na mji ukirudi nyuma polepole hadi unaonekana mzima, na nyumba zimepandishwa mawe kama mbuzi.

Katikati ya maji dada alinyamaza. Alikuwa msichana tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Mtaani kwao nyumba tatu ziliweka matanga kwa pamoja. Makaburi ya waliokufa katika ajali hiyo yapo Igoma. Alimwonyesha mtoto mahali maboya ya kuvaa yanapohifadhiwa, akamfundisha namna ya kufunga mikanda yake, taratibu, mpaka aliporidhika. Kisha tukanunua mahindi ya kuchoma.

Jioni tulikaa barazani kwa mara ya mwisho, tukala dagaa wa Mayu waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa. Mtoto alitoka mapema kuzihesabu taa, akarudi analalamika kwamba hakuna hata moja. Shemeji akamwonyesha mwezi, ambao sasa ulikuwa umenenepa na umekaa juu magharibi, ukimwaga njia nyeupe juu ya maji. "Wanausubiri uzame," alisema. "Hawana haraka." Mtoto aliapa kuusubiri pamoja nao, akalala kabla ya saa tatu.

Mimi nilibaki, ingawa basi letu lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi. Karibu saa tano mwezi uliingia nyuma ya milima ya Sengerema na ziwa likawa jeusi kabisa. Kwa muda sikuona kitu. Kisha taa ya kwanza ikawaka mbali kaskazini, ikafuatwa na ya pili karibu yake, na nilipofika ya kumi na saba nilikwenda kumwamsha.